Miti ya Tanga kwenye Reli ya Mfano Ipewe Kimo Chake

Anayejenga mfano wa reli ya Tanga kwa kawaida huanza na injini, akafuatisha mabehewa na stesheni, na miti akaiacha hadi mwisho, wakati fedha na subira vimekwisha. Nadhani utaratibu huo ubadilishwe. Injini ileile inaweza kuvuta mabehewa Tanga leo na Tabora mwezi ujao. Kinachomjulisha mtazamaji kwamba treni imeondoka Pongwe na inaelekea Muheza ni minazi, miembe na mistari ya mkonge iliyo kando ya njia. Mtu akijaza meza yake misonobari ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya mifano ya reli za Ulaya, basi reli iliyofika Muheza mwaka 1896 na Moshi mwaka 1911 itaonekana kana kwamba inapita katika nchi nyingine kabisa.

Kasoro ninayoiona mara nyingi zaidi, na ndiyo iliyonisukuma kuandika, ni ya kimo. Katika kipimo cha 1:87, kinachojulikana kama HO, ambapo kila kitu hupunguzwa mara 87, njia yetu yenye upana wa milimita 1,000 huwa ya milimita 12 hivi, na injini yenye kimo cha mita 4 huwa na sentimita 4 na nusu. Mnazi wa mita 20, ambao katika mashamba ya zamani ya pwani si jambo la ajabu, unapaswa kufikia sentimita 23. Wengi wakiusimamisha mnazi wa kimo hicho mezani huona umeifunika treni, nao huukata ubaki nusu. Mimi nashikilia kwamba usikatwe. Mnazi mkomavu huipita treni kwa kimo mara nne au tano, na tofauti hiyo ndiyo inayolifanya behewa lionekane dogo chini ya anga kubwa, kama lilivyo kweli. Mwenye shaka achomeke ardhini kijiti kinachosimama mita 1 juu ya udongo, apime kivuli chake, kisha apime kivuli cha mnazi saa hiyohiyo na kukigawa kwa kile cha kijiti. Jibu litakuwa urefu wa mti kwa mita.

Kuutengeneza kunahitaji utulivu kuliko fedha. Kila kuti huanza na waya mwembamba wa shaba uliochunwa kutoka waya wa umeme, ambao ndio upongoo wake, ukabandikwa katikati ya karatasi mbili nyepesi kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi ikikauka, karatasi hukatwa kwa umbo la kuti lenye urefu wa milimita 55 hivi, kisha pande zote mbili huchanwa kwa mkasi mkali, mshazari kuelekea nchani, bila kugusa waya. Mnazi wenye afya huwa na makuti 30 au zaidi kidogo, na mpangilio wake ndipo wengi wanapoharibu kazi, kwa sababu huyainamisha yote chini. Tazama mnazi wowote: makuti machanga husimama karibu wima, ya kati hulala, na ya zamani tu ndiyo huning'inia, hivyo kichwa chake hukaribia kuwa cha mviringo. Kuti moja au mawili yaliyokauka hupendeza yakitengenezwa kwa nyuzi za katani, ambazo tayari zina rangi ya ukavu.

Nyaya za makuti zote husokotwa pamoja kuwa shina lenye unene wa milimita 3 au 4, linalonenepa kidogo penye mizizi. Shina lisinyooke kama mlingoti wa bendera. Lipinde chini, kisha liinuke. Nalizungushia uzi wa kushonea, nalipaka gundi na unga laini wa mbao, na mikunjo ya uzi huacha alama za makuti yaliyoanguka. Kwa mnazi wa mgema nakata vidato kwa ncha ya kisu, upande mmoja hadi juu, kwa kuwa mti usiokuwa na alama ya mkono wa mtu haufanani na mti wa shamba.

Mwembe ni rahisi zaidi: matawi ya waya, juu yake sponji iliyosagwa na kutiwa rangi ya kijani kilichokolea, ikashikiliwa kwa gundi. Usisahau kwamba majani machanga ya mwembe huwa mekundu ya hudhurungi. Mguso mdogo wa rangi hiyo kwenye ncha za matawi machache hufanya kazi kubwa. Kijani chochote kitokacho dukani kichanganywe na kijivu kidogo, kwa maana kijani kinachong'aa ndicho kinachoufichua mti wa plastiki hata kwa mbali.

Kwa mbuyu napendekeza kipande cha chini cha mlingoti mkavu wa mkonge, yaani bua lake refu la maua, ambao ndani ni mwepesi na laini kuchongwa. Uachwe bila majani, kama unavyokaa wakati wa kiangazi, na rangi yake iwe kijivu chenye wekundu wa mbali.

Kazi inayochosha ni mkonge wenyewe. Jani la mita 1.2 huwa milimita 14 tu, na kila mmea unahitaji majani magumu mengi yenye ncha, ya kijani cha kijivu, yaliyotawanyika pande zote. Mashamba mengi hupandwa kwa mistari miwili miwili, yenye nafasi ya mita 1 kati yake, kisha njia pana ya mita 4 hivi, yaani sentimita 4 na nusu mezani. Hapa sioni haja ya kujitesa: mistari ya mbele itengenezwe jani kwa jani, na ile ya nyuma itoshelezwe na vishada vya karatasi iliyochanwa, mradi mistari inyooke na nafasi isibadilike hadi ukingo wa meza.