Marehemu Mheshimiwa

Jogoo wa mama mwenye nyumba wetu alikuwa akiitwa Mheshimiwa, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Alipewa kwa sababu alikuwa akiingia chumba cha mtu bila hodi, anakula asichokipanda, na akishashiba anapanda juu ya ndoo iliyofudikizwa na kutoa hotuba. Ukimrushia kandambili, mwenye nyumba anatoka kukuuliza habari za kodi.

Nyumba yetu iko Mbagala: vyumba sita, korido moja, uani bomba moja. Uani hapo hapo, chini ya mwarobaini, ndipo ninapotandika mkeka wangu asubuhi nikatunga shanga. Natengeneza hereni, bangili, vikuku, vidani, na zile za kiunoni ambazo ndizo zinazonilipia kodi ingawa sijawahi kukutana na mtu anayekiri kuzinunua. Wanawake huniletea kipimo cha uzi, kazi inaisha. Wanaume ni mtihani. Wanakuja magharibi, shati limechomekewa, wanauliza kwanza bei ya hereni, kisha bei ya bangili, kisha wanakohoa. Ukimuuliza kiuno cha shemeji kikoje, anakata duara hewani kwa mikono miwili, duara ambalo ukilitunga lilivyo linavaa pipa. Siku hizi napunguza mwenyewe bila kuuliza.

Shanga nanunua Kariakoo, Mtaa wa Kongo na vichochoro vyake. Nzuri ni za kioo zinazotoka Jamhuri ya Cheki, ndizo hizo wanazozipenda Wamasai: zimelingana, tundu liko katikati, rangi haibanduki. Za bei chee nazo zipo, lakini moja nene, moja nyembamba, ya tatu haina tundu kabisa, umenunua changarawe. Kidani nakitunga kwa mshipi wa kuvulia samaki, fundo nalichoma kwa kiberiti lisifumuke. Sinia langu la bati nalitandika kipande cha khanga kuukuu ili shanga zisitembee. Yote hayo nayasema ili ieleweke kwamba kazi yangu naijua na usalama niliuzingatia.

Basi akaja dada mmoja kutoka Ilala, mchumba wa watu, harusi imekaribia. Akafungua fundo kwenye pindo la khanga yake taratibu mno. Ndani shanga nyekundu, 24, uzi wake ulishaoza zamani.

"Marijani ya fedhaluka," akaninong'oneza, kana kwamba Mbagala nzima imetega sikio. "Za bibi mzaa mama. Naye alipewa na mama yake, Pangani. Nataka kidani cha siku ya kupambwa. Mama mkwe ameshaambiwa."

Fedhaluka ni marijani nyekundu halisi, kitu cha baharini cha thamani, lakini hilo la mama mkwe ndilo lililonipa jasho. Kitu kikishaambiwa mama mkwe hakina kurudi nyuma. Tukazihesabu pamoja mara ya kwanza, tukazihesabu mara ya pili, akaacha nusu ya malipo, akaondoka huku akigeuka geuka kuziangalia.

Kesho yake niko mkekani, nyekundu za bibi upande mmoja wa sinia, upande wa pili nyeupe na za buluu za kutenganishia. Mtu akapiga kelele kutoka koridoni: "Maji yametoka!"

Anayeishi kwa mgao wa maji haambiwi mara mbili. Nyumba nzima ilikurupuka. Mpangaji wa chumba cha tatu alitoka na povu la mswaki mdomoni, watoto na masufuria, mwenye nyumba na pipa lake analoliburuza yeye wa kwanza kwa haki ya hati ya kiwanja. Nami nikakamata ndoo zangu. Foleni ya bomba iko hatua chache tu na mkeka, ila kulikuwa na mzozo wa nani alitangulia, na mzozo wa maji hauachwi katikati.

Niliporudi, Mheshimiwa alikuwa kasimama ndani ya sinia.

Alikuwa akichagua. Hakugusa nyeupe, hakugusa za buluu. Anainamisha kichwa upande, jicho moja analikazia ushanga mwekundu, anaugonga mdomo, anainua shingo, umekwenda. Nikapiga ukelele, naye akameza mmoja wa kuagia, akashuka siniani kwa mwendo wa mtu aliyemaliza kikao. Nikahesabu zilizobaki: 13. Yeye kachukua 11.

"Mama," nikamwambia mwenye nyumba, "Mheshimiwa amemeza mali ya mtu."

"Kilichoingia kitatoka," akanijibu, pipa lake limejaa, moyo wake mweupe. "Mfuate tu."

Nikamfuata. Sitaki kueleza sana. Nilikuwa na kijiti na mfuko wa plastiki, na kila Mheshimiwa alipoinua mkia mimi nikachuchumaa. Alikwenda jalalani, nikaenda. Alikwenda kwa matetea wa watu nyumba ya pili, nikaenda, nikasimama pembeni nikitazama mbali kwa adabu. Watoto niliwaahidi pipi kwa atakayeona kitu chekundu. Waliniletea vifuniko vya soda, tembe ya dawa na pilipili. Mpangaji wa chumba cha tatu akaanza kunisalimia kwa upole wa kutia shaka, ule wanaopewa wagonjwa.

Hakikutoka kitu. Mwishowe nikaenda duka la vyakula vya kuku, nikamweleza muuzaji. Alicheka mpaka akaegemea kiroba cha pumba.

"Dada, kuku hana meno," akasema. "Meno yake ni vijiwe anavyomeza. Vinakaa kwenye firigisi, vinamsagia mahindi. Kigumu kikiingia mle hakitoki leo wala kesho. Ni shanga za nini?"

"Marijani."

Akaacha kucheka. Akanionyesha mfuko pale chini, unga mweupe wenye chengachenga. "Haya ni magamba ya baharini yaliyosagwa, tunawauzia wenye kuku wa mayai. Yanayeyuka tumboni, yanakuwa ganda la yai. Na marijani nayo chokaa hiyo hiyo. Wewe umemlisha kuku wako dawa ya shilingi ngapi?"

Nilitoka pale nikikimbia. Angekuwa tetea, urithi wa Pangani ungekuwa umeshatagwa na kukaangwa na vitunguu. Kwa jogoo unayeyuka bure, hata yai hupati.

Mwenye nyumba hakusoma uchumi, lakini mtu mwenye shida anamtambua kwa hatua za miguu. Jogoo wa elfu ishirini na tano akawa wa hamsini. Akanieleza ukoo wa Mheshimiwa, mama yake alikotoka, vile yeye mwenyewe asivyoweza kuamka alfajiri bila sauti ile. Nikapandisha, akalia kidogo, nikapandisha tena. Tulipofika arobaini akatazama huku na huku, akavuta khanga mdomoni.

"Na zile zako," akasema.

"Zipi, Mama?"

"Zile." Akajigusa ubavuni. "Mistari miwili. Nyekundu na nyeupe. Na mtu asijue."

Ni mjane, ana wajukuu. Nikapima kwa macho, nikanyamaza.

Mpangaji wa chumba cha tatu, ambaye ni ustadhi, ndiye aliyechinja. Mheshimiwa alichukua muda kukubali. Firigisi nikaiomba mimi, nikaikalia kwenye kigoda na kisu kidogo, nyumba nzima imenizunguka. Ukiipasua ubavuni inafunguka mara mbili, na ndani kuna ile ngozi ya njano iliyokunjamana inayobanduliwa kwa kucha. Mle ndani palikuwa na mchanga, mahindi nusu, kipande cha chupa ya kijani kilicholainika kingo zote, kishikizo cha shati ambacho ustadhi alikitambua papo hapo, na shanga nyekundu. Nikazitoa moja moja kwenye bakuli la maji. Zilitimia 11!

Chini yake kabisa kulikuwa na kipini cha dhahabu.

Kimya kilichotokea pale uani hakijawahi kutokea hata siku ya luku kuisha. Kipini kile kilikuwa na kesi. Kilipotea kabla ya Ramadhani, na kwa ajili yake mpangaji wa chumba cha nne alihamishwa, godoro kichwani, huku akiapa kwa jina la mama yake. Mwenye nyumba akakichukua kutoka kiganjani mwangu, akakisuuza, akakipangusa na khanga, akakitia puani.

"Nilisema tangu mwanzo," akasema, "kipini hakijatoka nje ya nyumba hii."

Mheshimiwa tulimla kwa ugali. Alikuwa mgumu, lakini sikuona mpangaji aliyebakisha.

Sasa shanga. Zilikuwa zimefifia, mng'ao umesagwa wote, nyekundu imepoa ikawa ya kizee. Ila hazikuyeyuka hata kidogo, jambo ambalo lilipaswa kunifurahisha na badala yake likaninyima usingizi. Moja ilikuwa imebanduka ukingoni, na palipobanduka ndani palikuwa peupe. Marijani ni nyekundu mpaka ndani. Nikazifunga, nikapanda daladala hadi mjini, Mtaa wa Indira Gandhi kwa masonara. Mzee mmoja alizitazama kwa kioo chake cha jichoni kwa muda mfupi kuliko alioutumia kukitafuta kioo chenyewe.

"Kioo," akasema. "Kizuri, cha zamani sana, cha Venice, kule Italia. Lakini kioo."

Mimi kama mtunga shanga moyo ulinidunda kwa namna nyingine. Shanga za kioo chekundu zenye moyo mweupe zilitengenezwa Venice, karne ya 19 zikapita pwani yetu kwa mizigo, zikabebwa na wapagazi mpaka Unyamwezi na Ujiji. Ziliitwa samisami. Mvumbuzi Mwingereza Richard Burton, aliyekwenda bara na msafara mwaka 1857, aliziandika kuwa miongoni mwa zilizopendwa na zenye bei kubwa kuliko nyingine. Huenda mama yake bibi alizipata zilipokuwa na thamani ya ng'ombe. Ni hazina. Lakini marijani siyo, na mama mkwe ameshaambiwa marijani.

Nikatunga kidani, zilizofifia na zinazong'aa nikazichanganya kwa zamu, nikapanga maneno yangu. Nitamwita dada pembeni, nitamweleza yote, jogoo na Venice, taratibu.

Akaja na mama mkwe.

Shikamoo, marahaba, karibuni mkekani. Dada akakinyanyua kidani, uso ukambadilika. "Hizi zilizofifia ndizo za bibi," akasema. "Hizi zinazong'aa umenibadilishia."

Zinazong'aa ni zile 13 ambazo hazikuwahi kuondoka siniani. Mama mkwe akakipokea, akakisogeza jichoni, akakigeuza. "Kweli," akasema. "Marijani haimetimeti namna hii. Hiki ni kioo."

"Zote ni zenu, Mama, wallahi," nikasema. "Ila hizi 11 tu..."

Mwenye nyumba alikuwa kakaa mlangoni na kipini chake, anachambua mchicha. "Hizo 11 zilipita kwa Mheshimiwa," akasema.

Mama mkwe akainua kichwa. "Mheshimiwa yupi?"

"Wa hapa hapa kwetu. Hatunaye tena."

"Innalillahi. Alikuwa mgonjwa?"

"Hata. Asubuhi kaamka mzima, mchana hayupo."

"Ndiyo dunia. Alikuwa fundi kweli huyo, tazama kazi. Ameacha mjane?"

"Sita."

Mama mkwe alihesabu vidole, akakwama baada ya cha nne. "Sita, dada?"

"Upande huo hakuwa mtu wa kushika sana dini," akasema mwenye nyumba, akivunja shina la mchicha. "Lakini alfajiri hakuwahi kulala. Mtaa mzima huu uliamka kwa sauti yake."

"Basi huyo ni mtu wa peponi. Mungu amrehemu."

Ustadhi, aliyekuwa akifua pale bombani, aliingia ndani na ndoo yake ikiwa tupu. Mimi nilikuwa nimeshauma pindo la khanga.

"Sasa hizi 13 atatufanyia nani?" dada akauliza, sauti inakaribia kilio. "Zote nataka ziwe kama hizi za Mheshimiwa. Harusi Ijumaa ijayo!"

"Ameacha kijana wake," akasema mwenye nyumba. "Mdogo bado, ila kazi kairithi."

"Anaaminika?"

"Hakuna kitu kinachopotea kwake. Kinaweza kuchelewa."

"Anachukuaje?"

"Elfu kumi, na chakula."

Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyefungua pochi. Akauliza kama huyo kijana anapenda pilau, kwa kuwa wiki hii watapika sana. Akajibiwa kwamba hana makuu, hata makombo anapokea. Mwenye nyumba akaipokea noti, akaifutika kiunoni, pale pale zilipo zile ambazo mtu asijue.

"Wewe mtoto," akaniambia, "nenda kamwite kijana."

Nikachukua konzi ya mtama nikaelekea bandani.