Hili neno la Kiingereza "quite" litatutoa roho!

Jamani, nyinyi mnaopokea wageni Mombasa, Nyali na Fort Jesus, hamjachoka? Mmarekani akionja biriani akasema "quite good", kafurahi: tamu sana. Mwingereza akisema yayo hayo, mara nyingi ana maana si mbaya, basi. Akikazia sauti kwenye "quite", mpishi ajue kuna walakini. Sahani moja! Ashangilie au arudi jikoni?

Subirini kwanza. Mwulize Mwingereza huyo huyo kuhusu kuvuka kivuko cha Likoni kwa dakika tano. "Quite impossible." Hapo ni haiwezekani kabisa, kwani uzuri una viwango, kutowezekana hakuna. "Not quite ready"? Bado kidogo. "Quite a crowd"? Umati mkubwa. Halafu wanafunzi wetu wanakaririshwa "quite ni kabisa". Kabisa gani hiyo, wallahi?