Usiku Ambao Nyumba Nzima Ilikuwa na Sukari

Siku ya 9 tangu niambiwe nina kisukari aina ya 2, nilikuwa tayari bingwa. Mpe mtu mashine ya kupimia sukari, kalamu ya kudungia kidole kitoke damu, kopo la stripu 50 (vile vipande vyembamba vya kupokelea damu, vinavyochomekwa kwenye mashine) na daftari, wiki haiishi atakuwa anahutubia watu mezani. Nilishajua kwamba asubuhi kabla ya kula natakiwa niwe kati ya 4.4 na 7.2 (ni milimoli za sukari kwa lita ya damu), na saa 2 baada ya kuanza kula nisifike 10. Nilishajua metformini, dawa yangu ya kushusha sukari, humezwa pamoja na chakula, maana siku ya kwanza niliimeza tumbo likiwa tupu, na yaliyofuata nayaacha hukohuko chooni. Kuna asubuhi niliamka na 7.6 ilhali nililala na 6.1. Nikaanza kuwahoji watu wa nyumbani, nani kanilisha usingizini. Kumbe ni ini langu. Kukikaribia kucha huwa linamwaga sukari kwenye damu ili mwili uamke, na kwa mwenye kisukari hakuna wa kuliambia basi, inatosha.

Kudunga nako nilikuwa nimekumudu. Mara ya kwanza kalamu ilikuwa kwenye namba 5, kina cha mwisho kabisa, nikafumba macho na kupiga yowe kabla hata ya kubonyeza. Sasa nilikuwa natumia namba 2, na nadunga ubavuni mwa ncha ya kidole. Katikati ndiko kunakouma zaidi, tena ndiko unakoshikia kila kitu kesho yake.

Na kunawa mikono niliambiwa pia. Hilo nililichukulia kama la adabu tu, sawa na kufuta miguu mlangoni.

Jioni hiyo mama mkwe alikuwa amekuja kutusalimia. Baada ya chakula nikajitolea kumenya machungwa. Nilimenya manne, mke wangu akamenya matatu, na binti yetu wa miaka 10 akapewa moja, akalishambulia kwa kucha mpaka likawa kama limepitiwa na gari. Mama mkwe hakumenya chochote. Aliletewa vipande kwenye sahani pamoja na uma, akavimaliza kimyakimya, akaongezwa, akavimaliza tena. Mimi nilikula vipande viwili tu, kwa kujisifu.

Muda wa kupima ulipofika nilifanya kama fundi. Nikatoa stripu, nikafunga kopo palepale kwa sababu unyevu huziharibu, nikaweka kisindano kipya, nikadunga. Likatoka tone la ukubwa wa kichwa cha pini. Nikaligusisha ukingoni mwa stripu (halimwagwi juu yake, stripu hunyonya yenyewe), mashine ikahesabu: 5, 4, 3, 2, 1.

21.7.

Nikaitikisa mashine, kana kwamba ni saa iliyosimama. Nikakumbuka usafi, nikapangusa kidole cha pili kwa pamba yenye spiriti, nikasubiri kikauke, nikapima tena. 19.4. Haya, mashahidi wawili. Nikaona watoto wangu wakigawana viatu vyangu.

Nilichofanya baada ya hapo sikishauri. Nilikuwa nimesikia kwamba kutembea kunashusha sukari, na ni kweli, dakika 10 hadi 15 baada ya kula zinasaidia sana. Mimi nikaamua kupanda na kushuka ngazi mara 40 mbio. Sukari ikiwa juu kiasi hicho kikweli, mbio si dawa. Wanaotumia insulini huambiwa ikizidi 14 wapime ketoni (asidi ambazo mwili hutoa unapochoma mafuta badala ya sukari) kwanza kabla ya kujichosha. Kufika mara ya 22 koo lilikuwa limekauka. Kiu! Dalili ya kwanza hiyo. Nikanywa maji lita moja na nusu. Baada ya nusu saa nikaanza safari za chooni. Dalili ya pili hiyo! Kila nilipotoka chooni nilikuwa na ushahidi mpya dhidi yangu mwenyewe.

Mke wangu alinikuta jikoni nimeshika vidonge viwili vya ziada.

"Baba watoto, hivyo vya nini?"

"Nazima moto."

Akaninyang'anya. Alikuwa sahihi kabisa. Metformini huchukua siku kadhaa kuonyesha kazi yake, na ukiongeza dozi kwa pupa utakachoshusha usiku uleule si sukari. Kisha akasema pengine mashine imeharibika, nimpime yeye. Mikono ilikuwa inanitetemeka, damu ikawa chache, mashine ikatoa kosa na stripu ikaenda na maji. Ya pili ikakubali. 17.2.

Tukatazamana. Ndoa ya miaka 12, kila kitu nusu kwa nusu.

"Mlete mtoto," akasema kwa sauti ndogo.

Mtoto wakati huo alikuwa sebuleni anatembea kwa mikono, miguu juu. Akaletwa. Akadungwa, akalalamika kuliko mimi, jambo lililonifariji kidogo. 26.3! Ndiye aliyekuwa mgonjwa kuliko wote, na akarudi zake kutembea kwa mikono. Mke wangu akaanza kutafuta viatu twende hospitali. Mimi nikarudi chooni.

Hapo mama mkwe akatua kikombe chake. Huyu ni mtu mwenye miaka 74, chai yake ina vijiko vitatu vya sukari, na ndiye aliyefagia yale machungwa. Akanyoosha kidole. "Nipimeni na mimi."

7.1.

Kimya kikatanda. Mzima peke yake nyumbani ni yule aliyekula. Akaitazama namba, akaitazama sahani yake, akautazama uma. Kisha akanishika mkono, akakivuta kidole changu hadi puani, akanusa.

"Machungwa nimekula mimi," akasema. "Nyinyi mmemenya. Mwanangu, umenawa?"

Niseme jinsi inavyokuwa, maana hata mimi nilibisha. Damu yote ya mtu mzima mwenye sukari ya kawaida ina glukosi kama gramu 4 au 5 tu, yaani kijiko kimoja cha chai kwa mwili mzima. Sasa tone la mikrolita 1, sukari ikiwa 6.8, lina glukosi kama mikrogramu 1.2, na mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Kuipeleka mashine kutoka 6.8 hadi 21.7 kunahitaji mikrogramu 2.7 za ziada. Hizo huzioni kwa macho wala hazinati kidoleni ukasema nimejichafua. Maji ya chungwa yaliyokaukia kwenye ngozi yanakuwa nazo na nyingi zinabaki. Na ile spiriti yangu? Inaua vijidudu. Sukari haiuliwi, inasuuzwa, na pamba mara nyingi huitembeza tu kutoka hapa kwenda pale.

Tukapanga foleni kwenye bomba. Sabuni, maji ya uvuguvugu (yanasaidia damu kutoka bila kukamua kidole kama nguo), halafu kukausha vizuri. Hili la kukausha mama mkwe alilisimamia mwenyewe na taulo mkononi, na ni la maana, kwani kidole chenye maji huizimua damu na namba hutoka chini ya ukweli. Mimi 6.8. Mke wangu 5.4. Binti 5.1. Stripu 9 usiku mmoja, na tayari namdai bwana chungwa.

Mama mkwe akaomba chai nyingine.

Nilidhani yameishia hapo. Wiki mbili baadaye nikaenda kliniki na mashine yangu, na nesi akaanza kubonyeza kumbukumbu. Sikujua kwamba kila kitu kinahifadhiwa, pamoja na saa na dakika. Akasoma kwa sauti: 21.7, 19.4, 17.2, 26.3, 7.1, 6.8, 5.4, 5.1. Akavua miwani.

"Hizi zote za usiku mmoja? Zako?"

"Za kwangu ni tatu."

"Na 17.2?"

"Mke wangu."

"26.3?"

"Mwanangu, lakini ni chungwa."

"7.1?"

"Mama mkwe."

Nikawahi kujitetea kwamba kila mtu alipata kisindano kipya. Akauliza kalamu zilikuwa ngapi. Nikasema moja. Machungwa aliyasamehe palepale, akacheka hata. La kalamu halikumchekesha. Damu hurukia kwenye ncha ya kalamu hata usipoiona, akasema, na kisindano kipya hakiisafishi. Kalamu ya kudungia ni ya mtu mmoja, kama mswaki.

Akafungua droo, akatoa nyingine mpya, akakata kipande cha plasta, akaandika jina langu kwa herufi kubwa na kukibandika juu yake. Akaitazama kidogo, akachukua tena kalamu ya wino, akaongeza chini ya jina: PEKE YAKE.