Karibu na Baa Gani?

Gesi imeisha jana saa moja jioni, maharage ndiyo kwanza yanaanza kulainika. Mnaijua gesi: haiishi mchana hata siku moja.

Nikapiga dukani, akatumwa bodaboda. Dakika kumi, simu.

"Shikamoo mzee. Nimeshafika Sinza. Wewe Sinza ipi?"

Nikakaa vizuri kwenye kochi. Swali hilo nalisubiri tangu 2022, walipokuja wale vijana wa anwani za makazi wakanibandikia namba getini. Nikamtajia mtaa na namba ya nyumba, polepole, kama nasoma taarifa ya habari.

Kimya.

"Hapo ni karibu na nini, mzee?"

"Kijana, Sinza haikuota kama uyoga. Ilipimwa miaka ya sabini kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Viwanja vilikatwa, barabara zikachorwa, ndipo watu wakaja kujenga. Fuata namba tu."

"Sawa mzee. Karibu na nini?"

"Unapajua Kijiweni?"

"Kijiwe kipi? Mimi mwenyewe nimetokea kijiweni."

"Basi tafuta duka la dawa la kona."

"Hapa kona pana baa."

Kumbe duka la dawa limehama. Tangu lini? Nikamwambia atazame gesti. Akasema anaziona tatu, nimchagulie.

"Mzee, we niambie tu, karibu na baa gani?"

Sasa mimi ni mzee wa kanisa. Miaka yote hii mchungaji akija kunitembelea namwelekeza kwa mwembe, na mwembe wenyewe ulishakatwa. Lakini maharage yanapoa, mama watoto amesimama mlangoni na mwiko. Nikafumba macho, nikaitaja.

"Aaah! Si ungesema! Kumbe wewe mtu wa pale!"

"Si wa pale! Nakaa jirani!"

"Usijali mzee, hiyo yetu wawili."

Mengine ya mtaa huu nimeshazoea. Maji yenyewe yanatoka saa nane usiku. Wa taka hakosei tarehe ya kuchukua hela. Taka ndizo anazozisahau. Lakini hii ya baa, jamani! Nyumba ya kushoto imekuwa saluni, mbele gesti, kulia baa, spika imegeuziwa dirisha langu. Mtaa mzima nimebaki mimi peke yangu ninayelala nyumbani kwake, na silali!

Mtungi ukafika. Kichwa chake na regulata yangu havikubaliani. Bodaboda akashika kiuno, akautazama, akasema mbona wa baa ungeingia.

Maharage yamemalizikia kwenye jiko la mkaa la mchoma nyama. Mtoto niliyemtuma sufuria amerudi nayo, na mishikaki miwili juu ya kifuniko, anasema, "Baba, wamesema hii ni ya shemeji."

Shemeji wa nani? Mama watoto naye anauliza hivyohivyo, na mwiko bado anao.