Homa iliyoshushwa kwa panadol bado ni homa

Saa 12 asubuhi mtoto anachemka. Anapewa panadol, mwili unapoa, anavalishwa sare na kupelekwa shule. Panadol hufanya kazi kwa muda wa saa 4 hadi 6, basi ikifika mapumziko ya saa 4 homa imeanza kurudi, na mwalimu anamkuta kalaza kichwa juu ya dawati.

Wazazi wengi hufanya hivyo kwa kuogopa jaribio la wiki. Naielewa hofu hiyo, lakini mtoto mwenye homa hashiki somo. Hesabu ya kurudi shule ianze pale homa ilipokwisha bila dawa ya kuishusha: saa 24 kamili. Aliyeharisha au kutapika akae nyumbani mpaka zipite saa 48 tangu mara ya mwisho. Mwenye tetekuwanga asubiri malengelenge yote yakauke na kufanya magamba, na mwenye surua zipite siku 4 tangu vipele vilipotoka. Mafua mepesi bila homa? Aende, na leso mfukoni.

Malaria ina hesabu yake. Haiambukizwi kwa kukaa dawati moja, kwa hiyo homa ikiisha na mtoto akawa anakula, anaweza kurudi huku akimalizia dawa. Dawa ya mseto (ALu) ni dozi 6 kwa siku 3. Akianza saa 2 usiku, ya pili ni saa 10 alfajiri, na hii ndiyo inayorukwa kwa sababu nyumba nzima imelala. Tega kengele. Ya tatu ni saa 2 usiku unaofuata, kisha asubuhi na usiku, baada ya chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, kwani tumbo tupu halifyonzi dawa hiyo vizuri. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi. Hakuna ya kumeza shuleni, na vidonge visibebwe kwenye begi.

Mwalimu wa darasa ajulishwe siku ya kwanza, kabla hajaita majina. Ujumbe mfupi unatosha: jina kamili, darasa na mkondo, anaumwa nini, anatarajiwa lini. Ukikaa kimya, daftari la mahudhurio linamwandika mtoro, na kufuta alama hiyo wiki mbili baadaye ni kazi. Cheti cha hospitali kipige picha, nakala iende shule, chenyewe kibaki nyumbani. Ila shule zinazodai cheti kwa mafua ya siku moja zinakosea: zinampanga mama foleni ya zahanati akitafuta karatasi, mtoto akiwa mgongoni katikati ya wagonjwa wengine.

Masomo yaliyompita, aanze na Hisabati, maana aliyekosa kutafuta kigawe kidogo cha shirika atakwama kwenye kujumlisha sehemu. Azima daftari la mwenzake, fanyeni pamoja mifano 2 au 3 kila jioni. Kunakili notsi za Maarifa ya Jamii kunaweza kungoja Jumamosi.