Kulipwa kwa kutotumia umeme: mpaka wa FERC na majimbo

Januari 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura sita dhidi ya mbili, kwamba tume ya shirikisho ya nishati, FERC, inaweza kuwataka waendesha masoko ya umeme wawalipe wateja wanaopunguza matumizi saa za mahitaji makubwa, kwa bei ileile wanayolipwa wenye mitambo ya kuzalisha umeme. Walioipinga kanuni hiyo mahakamani ni wazalishaji. Walizungumzia haki za majimbo, ingawa nadhani kilichowauma zaidi ni bei kushuka.

Hata hivyo hoja yao haikuwa nyepesi. Sheria ya mwaka 1935 iliipa serikali kuu biashara ya jumla inayovuka majimbo; rejareja ikabaki kwa majimbo. Jaji Antonin Scalia, aliyekuwa upande wa wachache, alishikilia maandishi: mteja wa mwisho anayelipwa ili asinunue hauzi umeme wa jumla kwa yeyote. Elena Kagan, aliyeandika uamuzi, alijibu kwamba malipo hayo yanaigusa bei ya jumla moja kwa moja, na kwamba kanuni iliyaruhusu majimbo kuwazuia wateja wao wasishiriki. Hapo kilio cha majimbo kinakosa nguvu: huwezi kudai umenyang'anywa ufunguo ilhali unao mfukoni.

Mimi kinachonikwaza ni kiwango cha malipo. Tuseme kiwanda hununua uniti moja kwa senti 10, na sokoni jioni ya joto kali imefika senti 30. Kikizima mashine, kinaokoa 10 na kulipwa 30. Mwenye mtambo anapata 30 tu, na mafuta anagharamia mwenyewe. Hata kamishna mmoja wa FERC alilikataa hilo. Mahakama ilisema tu kwamba tume imejieleza vya kutosha.

Miezi mitatu baadaye majaji wote wanane waliubatilisha mpango wa Maryland wa kumhakikishia mjenzi wa mtambo mpya bei tofauti na ya mnada wa jumla unaosimamiwa na FERC, ambako wenye mitambo hushindana kwa bei. Ruzuku zisizofungamana na mnada hawakuzigusa. Mwaka 2018 mahakama za rufaa zikakubali New York na Illinois zilipie umeme wa nyuklia usiotoa hewa ukaa, kwa kuwa malipo hayakudai mtambo ushinde mnada. Kisheria tofauti ipo. Kwa mshindani anayeuza kwenye soko hilohilo, sioni kama ni kubwa.