Anza na Kushusha Gia

Anayetaka kuhamia gia za mkono kwenye gemu za mbio za magari, somo la kwanza analopewa huwa ni la kupandisha: ngoja sindano ya mizunguko ya injini ipande, taa ziwake, vuta. Somo lenyewe ni sahihi, ila limeshika mkia na kuacha kichwa. Kupandisha gia ni kazi ya jioni moja. Kushusha kulinichukua miezi, na baada ya miaka kadhaa kwenye simuleta bado naamini kuwa hapo, kati ya kukanyaga breki na kuingia kwenye kona, ndipo wengi wetu tunapoacha sekunde zetu.

Fikiria hali ya gari wakati huo. Unapopandisha gia uko kwenye mnyoofu, usukani umetulia, uzito umeegemea nyuma, na huna kingine kikubwa cha kufanya. Unaposhusha, umekanyaga breki kwa nguvu, uzito umehamia mbele, tairi za nyuma zimebaki nyepesi, na muda si mrefu unataka kukata kona. Chochote kitakachotoka kwenye injini kinapokelewa na tairi ambazo mshiko wake umepungua sana. Kosa la gia kwenye mnyoofu hukula muda kidogo. Kosa la gia kwenye breki hukugeuza ukatazama ulikotoka.

Hesabu yake ni nyepesi, na kila dereva angeifanya walau mara moja angeelewa mengi. Chukua gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, ambalo uwiano wa gia ya pili ni 2.0, ya tatu 1.5 na ya nne 1.2, na ukomo wa injini ni mizunguko 7,500 kwa dakika. Uko gia ya nne, injini iko 5,000. Kwa mwendo huohuo, gia ya tatu inadai injini izunguke 6,250 (5,000 × 1.5 ÷ 1.2). Ukikanyaga klachi, ukaingiza tatu, ukaachia klachi huku injini imeshazama chini ya 5,000, tofauti hiyo ni lazima ilipwe na kitu. Inalipwa na tairi za nyuma. Ndizo zinazoiburuta injini mpaka ifikie kasi yake mpya, na kwa kitambo hicho zinashikwa kana kwamba umevuta breki ya mkono. Nimesikia watu wengi wakilaumu fizikia ya gemu, wakibadilisha springi, wakiinua bawa la nyuma, kumbe kisa chote ni gia ya tatu iliyoingia bila mafuta.

Dawa ni kuipa injini mafuta, pigo moja fupi, klachi ikiwa bado chini, ili ipande yenyewe mpaka karibu na 6,250 kabla hujaiachia. Ugumu ni kwamba mguu wa kulia tayari una kazi ya breki. Ndiyo asili ya mbinu ya kisigino na kidole: sehemu ya mbele ya unyayo inabaki kwenye breki, na kisigino au ubavu wa mguu unazungushwa kugusa mafuta. Mimi kisigino hakinifikishi popote. Natumia ubavu wa mguu upande wa kidole kidogo, na sioni sababu ya mtu kujilazimisha na jina la mbinu wakati mguu wake umeumbwa vingine.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni pedali zenyewe. Breki nyingi za bei ya chini hupima umbali ambao pedali imeshuka. Mguu ukiviringika kugusa mafuta, pedali ya breki nayo inashuka au inapanda kidogo, na gemu inasoma kuwa umeongeza au umepunguza breki. Pedali inayopima nguvu ya mguu ni ngumu, inakupa mahali pa kuegemea, na mguu unaweza kuviringika bila breki kuyumba sana. Ningeulizwa fedha iende wapi kwanza, usukani mkubwa au breki nzuri, nisingesita: breki. Usipoweza kuibadilisha, isogeze pedali ya mafuta ikaribiane na ya breki, na uilaze chini kidogo, ili ukiwa umekanyaga breki sawasawa nyuso za pedali zote mbili zilingane.

Halafu kuna haraka. Rudi kwenye gari letu: gia ya nne, 5,000. Mtu mwenye pupa anaruka moja kwa moja mpaka ya pili. Kwa mwendo huo gia ya pili inadai mizunguko zaidi ya 8,300, na injini haina uwezo huo. Kidhibiti cha mizunguko hakisaidii, maana kazi yake ni kuikata injini inapojizungusha yenyewe. Hapa inazungushwa na magurudumu. Katika gemu za Assetto Corsa na iRacing injini hufa kweli, mbio zikaishia hapo. Kutoka ya tatu kwenda ya pili, gari hili linataka usubiri mpaka injini ishuke chini ya 5,600. Kusubiri huko kunamtesa anayeanza, kwa sababu anahisi gia ndizo zinazopunguza mwendo. Breki ndizo zinazosimamisha gari. Gia unazishusha ili ukifika katikati ya kona uwe na ile unayohitaji kutokea, basi. Nilipolikubali hilo, nilianza kuchelewesha kila gia kwa makusudi, na gari likatulia kwenye breki kuliko lilivyowahi kutulia kwa mabadiliko yoyote ya springi.

Je, uzime misaada yote ambayo gemu humpa dereva? Inategemea umekalia gari la zama zipi, na hapa natofautiana na wale wanaoona kila msaada ni aibu. Gari la kisasa la mbio la daraja la GT3 lina vibonyezo vya gia nyuma ya usukani na hujipa mafuta lenyewe unaposhusha gia. Kulizimia huduma hiyo kwenye gemu ni kuigiza gari lisilokuwepo. Mfumo huo wa vibonyezo uliingia Formula One mwaka 1989 na Ferrari 640, gari lililobuniwa na John Barnard, na Nigel Mansell akashinda nalo katika mbio za kwanza kabisa za gari hilo, Brazil. Ila mabadiliko hayakuja siku moja. Mwaka 1991 Ayrton Senna alitwaa ubingwa kwa McLaren MP4/6, gari ambalo bado lilikuwa na leva ya gia na klachi ya mguu. Kwa hiyo ukichagua gari la miaka ya sitini, kama Lotus 49, zima otomatiki, zima msaada wa klachi, zima msaada wa mafuta. Nusu ya uhai wa gari lile uko kwenye mkono wa kulia na mguu wa kushoto.

Kwa wenye leva ya gia pembeni, neno moja: usiikabe. Makosa mengi ya kuvunja injini hutokea wakati wa kutoka ya tatu kwenda ya nne, mkono uliokaza unapoivuta leva kushoto na kuitumbukiza kwenye ya pili. Leva nyingi za namna hii zina springi inayoirudisha katikati, kwenye mstari wa tatu na nne. Iache springi ifanye kazi. Kutoka ya pili, sukuma leva mpaka nyutro, legeza mkono, itajisogeza yenyewe, kisha sukuma mbele uingize tatu. Kutoka tatu kwenda nne, ivute kwa kiganja kilicho wazi, moja kwa moja, bila vidole kuishika.

Senna huyohuyo, Machi 1991 kwenye saketi ya Interlagos, Brazil, alimaliza raundi za mwisho akiwa amebakiwa na gia ya sita tu, na akashinda mbele ya Riccardo Patrese kwa takriban sekunde tatu. Kisa hicho ndicho kilichonipa zoezi ninalolipenda kuliko yote. Chagua gia moja, ya tatu au ya nne, na ukimbize raundi nzima bila kuigusa leva. Kwenye kona za polepole injini haina nguvu ya kukutoa, kwa hiyo ukiingia vibaya unalipia mnyoofu wote unaofuata. Baada ya raundi kumi unajua ni kona zipi ulizokuwa ukishusha gia kwa mazoea tu. Mimi niligundua kona mbili katika saketi niliyoizoea ambazo nilikuwa nikishuka mpaka ya pili bure. Kwa gia ya tatu gari lilipita likiwa tulivu zaidi, na kwenye moja nilitoka na mwendo mkubwa kuliko zamani.

Kupandisha nitakusemea kwa ufupi. Wekundu wa sindano ni mpaka, hausemi kuwa hapo ndipo pa kubadilishia. Injini nyingi nguvu zake huanza kupungua kabla ya hapo, na hasa zenye turbo, kwa hiyo kuibana mpaka mwisho ni kuisikiliza ikilia bila kwenda. Na ukitoka kwenye kona polepole barabara ikiwa imelowa, panda gia mapema, hata 1,500 kabla. Gia ndefu hupunguza nguvu inayofika kwenye tairi za nyuma, nazo hushika badala ya kuserereka.

Jambo la mwisho ni sikio. Ondoa sindano na namba ya gia kwenye skrini kwa wiki moja. Mwanzoni ni kama kutembea gizani. Kisha sauti ya injini inaanza kujipanga: unaijua sauti ya 5,600 bila kuiona, unajua pigo lako la mafuta lilipungua au lilizidi kwa namna injini inavyopokea klachi. Likipungua, gari hutikisika na tairi za nyuma hulia kidogo. Likizidi, gari husukumwa mbele wakati unalitaka lisimame. Likienea sawasawa, husikii kitu chochote zaidi ya injini kupanda sauti.

Mazoezi yangu sasa yako hivi. Naenda saketi ya Monza ya Italia, kwenye ile kona ya kwanza ambapo unatoka mwendo mkali kuliko wote na kushuka karibu gia zote kwa breki moja. Nakanyaga breki mapema, mita hamsini kabla ya mahali pangu pa kawaida, ili nipate nafasi ya kusikia kila gia ikiingia. Saa nimeizima. Tairi za nyuma zikilia kwenye gia yoyote, raundi hiyo siihesabu. Nikipata raundi tano mfululizo za kimya, nasogeza breki mbele mita kumi na kuanza upya.